Jinsi ya Kumkaribisha Mkimbiaji Nyumbani kwa Sungura

Hongera. Una paka, sungura wawili na simbilisi, halafu umeona kinachopungua nyumbani ni greihaundi, mbwa ambaye binadamu wamemchagua kizazi baada ya kizazi ili afukuze chochote kidogo chenye manyoya kinachotimua mbio. Wengine huanza na samaki.

Usihangaike kutafuta mtoto wa mbwa. Uingereza na Ireland wastaafu wa mbio za mbwa wamejaa, na wengi wanastaafu kabla ya kufikisha miaka 5. Geuza sikio la aliyetoka Ireland utakuta herufi zilizochanjwa kwa wino: hizo ndizo kitambulisho chake cha kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukimbiza sungura wa bandia anayevutwa kwa mtambo kuzunguka uwanja, mchezo ulioingia Manchester mwaka 1926 ukitokea Marekani. Kasi ya greihaundi hukaribia kilomita 70 kwa saa, ila sungura yule hakuwahi kumkamata hata siku moja. Sasa unamleta sebuleni, na sungura yuko pale anatafuna karoti, hana hata mtambo.

Kwenye kituo cha kulelea mbwa omba jaribio la paka. Mbwa hufungwa kikapu cha mdomo, hushikwa kwa kamba, kisha huonyeshwa paka kwa mbali. Mtazame mbwa, wala usimtazame paka; paka anajua kinachoendelea. Mbwa akinusa hewa kidogo, akageuza uso na kuanza kukuomba biskuti, mna mazungumzo. Akiganda, shingo imenyooka, masikio yamesimama, macho hayapepesi na meno yanagongana kama ya mtu mwenye homa, hicho unachokiona si haya ya mgeni. Mhudumu akisema huyu haendi kwenye nyumba ya paka, usimwambie kwamba mapenzi yatambadilisha. Hiyo kauli ameizoea.

Nyumbani, kikapu kibaki mdomoni wiki za mwanzo, na kamba ishikwe hata ndani. Yeye hataona vibaya, maana hata mbio alizikimbia amevaa kikapu. Watakaokwazika ni wageni wako. Mpe paka sehemu za juu za kupandia, kisha mweleze kwa upole asikimbie. Atakupuuza, lakini utakuwa umetimiza wajibu. Paka anayesimama imara na kumzaba mgeni kofi moja la pua hufundisha kuliko wewe. Anayetimua mbio anaamsha kumbukumbu za Manchester.

Wakishazoeana, usijisifu mapema. Mkataba wa amani wa sebuleni hauvuki mlango wa uani. Paka yuleyule aliyelala naye kochi moja mchana, akikatiza kwenye majani jioni, si ndugu tena. Mtoe mmoja, mwingine asubiri zamu.

Sungura na simbilisi hawana mkataba wowote. Wana chumba, na chumba kina mlango, na mlango unafungwa. Waya wa kizimba ni pambo tu, na mtu anayekwenda jikoni kuchemsha chai "dakika moja" akiwaacha pamoja atapata muda mrefu wa kuijutia chai hiyo.

Yaliyobaki ni madogo. Mbwa aliyekulia bandani huenda hajawahi kuona ngazi wala mlango wa kioo, kwa hiyo bandika karatasi kwenye kioo kabla hajakipima kwa kichwa. Mwili wake una mafuta kidogo tu ya kumkinga na baridi. Mnunulie koti, na ndiyo, litakuwa zuri kuliko lako. Akilala usimshtue kwa kumgusa, mwite kwanza. Na atalala sana, sehemu kubwa ya siku, kifudifudi, chali, miguu minne hewani, katikati ya kochi kabisa. Nunua viti vya plastiki. Viwili vitatosha kama huna wageni.