Jina Litakuja

Nyumba ya shemeji yangu kule Chamazi, Mbagala, ilikuwa na watu wazima watatu ukiniondoa mimi, na kila mmoja alikuwa na siri yake. Jumamosi moja asubuhi simu zao zililia kwa zamu: ya Bibi kwanza, ikafuata ya dada yangu, mwisho ya shemeji mwenyewe. Meseji ilikuwa moja: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja Zuhura." Hakuna aliyemwonyesha mwenzake.

Kila mmoja alishajua ni nani anayemdai. Bibi, mama yake shemeji, alikuwa amemwahidi mwanawe wa Lindi hela ya ada ya mtoto, na hela yenyewe ilikuwa ya dawa zake za presha. Dada alikuwa na rejesho la kikoba. Mkopo ule ulinunua kabati la vyombo ambalo shemeji aliambiwa ni zawadi kutoka Morogoro. Shemeji naye alikuwa ametangaza kwamba kodi ya miezi sita imelipwa, kumbe mwenye nyumba alipokea ya mitatu, na hiyo mitatu ilishakwisha.

Bibi aliokoka kwa sababu hajui kutuma hela. Aliniita uani akaninong'oneza, "Mtumie shemeji yako wa Lindi, na huko ndani usiseme." Nikamuuliza tangu lini mwanawe anaitwa Zuhura. Akawaza kidogo. "Labda mkewe." Nikampigia mwanawe kwa namba yake ya siku zote. Alikuwa shambani, hajatuma chochote.

Niliporudi ndani nikakuta dada ametoka "kununua nyanya" na shemeji ametoka "kunyoa". Nikakumbuka simu zao nazo zililia asubuhi. Nikakimbilia kwa wakala.

Shemeji alikuwa ameshatuma laki tatu. Dada, asiyemwona mumewe kwenye foleni ya watu, alikuwa akimpa wakala simu amsomee ile namba. Binti wa watu akaisoma, akarudia, akainua macho. "Mama, namba hii baba ametoka kuitumia sasa hivi. Ni ndugu yenu?"

Kodi ikakutana na kabati hapohapo kibandani, mbele ya majirani.

Shemeji, akitafuta wa kumtetea, akampigia mwenye nyumba. Mzee akajibu hajabadili namba wala hajatuma meseji. "Ila umefanya vizuri kunikumbusha, baba. Changu nakipata lini?" Tukapiga 100, huduma kwa wateja. Hela ingekuwa bado imo kwenye ile laini, pengine ingezuiwa, lakini ilikuwa imeshatolewa. Wezi hawa hawalazi hela.

Jioni shemeji alikuwa na hoja moja tu, akiirudia kama kasuku: "Lakini jina lilikuja! Lilelile!"

Ni kweli lilikuja. Ukituma hela, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni la aliyesajiliwa kwa laini ile. Halisemi laini imo mkononi mwa nani. Ndiyo maana tapeli analitaja mapema: ukiliona, unatulia. Ili waelewe, nikachukua simu ya Bibi, nikabonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Bibi ana laini moja. Zilitokea nne.

Akakumbuka. Zama zile za kusajili laini kwa alama za vidole, zoezi lililoanza mwaka 2019, alisajiliwa na kijana mwenye mwavuli pale Rangi Tatu. Kijana alimwambia kidole hakijasoma, abonyeze tena, na tena. Huenda na huyo Zuhura ni bibi wa watu mahali fulani, naye alibonyeza tena.

"Kwa hiyo na mimi ni tapeli?" Bibi akauliza, mkono shavuni.

Jumatatu nikampeleka ofisini kwa mtandao wake, laini asizozijua zikafungwa. Ile meseji tuliituma kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli; ikaomba namba ya aliyetuma, tukaiandika.

Mtumaji hakujua habari ya kodi, kikoba wala ada. Alimwaga meseji kwa watu asiowajua, nasi tukamjazia yaliyobaki, kila mtu na deni lake alilolificha. Tungekuwa tumeambizana, mmoja angemuuliza mwenzake na mchezo ungeishia mezani.

Sasa hela haitoki nyumbani hadi mdai apigiwe kwa namba yake ya zamani, asikike sauti, na mtu mwingine wa nyumba aambiwe. Sheria hii ina maumivu: vidonge vya Bibi vinahesabiwa, na Morogoro hakutoki tena zawadi. Kodi tumeilipa kwa mkopo mwingine wa kikoba, safari hii kwa ridhaa ya wote, na anayepeleka rejesho kila Jumamosi ni shemeji.