Bodi Isiyo na Posho

Tangu mke wangu achaguliwe mjumbe wa bodi ya chama cha kitaifa cha wataalamu wa tiba ya burudani hapa Marekani, ukoo mzima umeamini kwamba tumeukata. Siwalaumu. Huko nyumbani mtu akiingia kwenye bodi, majirani wanajua kinachofuata: ukumbi wenye kiyoyozi, maji ya chupa, korosho kwenye kisahani, na kikao kikifungwa, bahasha. Sasa hii ni bodi ya taifa, na taifa lenyewe ni Marekani! Kaka yangu aliyeko Korogwe hakungoja hata kupambazuke kwao vizuri. "Mfikishie shemeji hongera zangu. Na lile suala la ada ya kijana wangu tulizungumze sasa, maana naona Mungu amewafungulia."

Nikamwambia bodi hiyo haina posho. Akacheka. Nikamwambia wajumbe wote ni wa kujitolea, na wana kazi zao nyingine zinazowaweka mjini. Akaacha kucheka, akaniuliza taratibu, kama mtu anayemhoji mgonjwa, "Sasa wanakaa kikao kwa ajili gani?"

Ni swali ambalo nami hujiuliza kila chakula cha usiku kinapopoa, lakini heshima ya nyumba kwanza. Nikatafuta ushahidi. Hapa vyama visivyo vya faida hujaza kila mwaka fomu ya mamlaka ya kodi iitwayo Fomu 990, na si siri, yeyote akitaka kuisoma anaisoma. Ndani yake mna jedwali la viongozi: jina, cheo, wastani wa saa anazokitumikia chama kwa wiki, na malipo. Katika bodi za namna hii safu ya malipo ni sifuri, chini yake sifuri, na nyingine tena, zimepangana kama mayai kwenye trei. Nikapiga picha nikamtumia kaka. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hao wenzetu wanajua sana kuficha."

Mimi sina ugomvi na sifuri. Ugomvi wangu ni na ile safu ya saa. Makadirio yake huandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala chumba kimoja na mjumbe wa bodi. Hakuna mahali pa kujaza saa za kugeuka-geuka kitandani kwa sababu hoteli ya mkutano mkuu imepandisha bei ya kahawa.

Jina la chama silitaji. Naishi na kamati nzima ya maadili.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana hata mama mkwe anaamini binti yake alivuka bahari kwenda kuchezesha wagonjwa karata. Na kweli anawachezesha karata. Lakini mtazame anapofanya hivyo. Mzee amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala. Mke wangu, Mama Nuru, anampangia karata zake kwenye kibao chenye mfereji ili zisimame bila kushikwa, anamwachia mkono wa kushoto afanye kazi ambayo haujawahi kufanya. Mzee anatafuta shupaza, anachomoa kopa, anatukana. Mama Nuru anaandika. Mzee anafikiri ni pointi za mchezo zinazoandikwa, kumbe ni macho, kumbukumbu, uvumilivu na hata lile tusi, ambalo wiki iliyopita hakuweza kulitamka. Wiki inayofuata atampeleka dukani na kiti cha magurudumu na orodha ya vitu, aone kama anaweza kuchagua nyanya na kupanga foleni bila kukata tamaa. Kazi hiyo inataka shahada, mafunzo kazini yasiyopungua saa 560, na mtihani wa baraza la NCTRC lililoanzishwa mwaka 1981. Majimbo kama Utah na North Carolina yanadai leseni juu yake. Mama mkwe nilimweleza yote haya. Akasema, "Sawa, lakini ni karata."

Swali la kwanza analomuuliza kila mgonjwa mpya ni hili: wewe hupumzika vipi? Huuliza kwa sauti nzuri sana. Mimi nimeanza kumuuliza yeye kwa sauti hiyohiyo, jioni, akiwa na simu mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Hunijibu, "Ngoja kwanza nimjibu mweka hazina."

Kikao cha bodi hufanyika mtandaoni, saa mbili usiku kwa saa zetu za Ohio, ili wa California, ambao wakati huo kwao ni saa kumi na moja jioni, wawe wanatoka kazini. Mama Nuru hukaa jikoni, kwa sababu intaneti yetu ina nguvu pale tu. Maana yake jiko limefungwa. Blenda haiwashwi, kitu hakikaangwi, wala mimi siruhusiwi kukatiza nyuma yake nikiwa na msuli. Nakaa sebuleni na njaa yangu, nafuatilia bodi nisiyoipigia kura. Akidi imetimia. Kumbukumbu za kikao kilichopita zimethibitishwa. Yatokanayo. Hapo kwenye yatokanayo ndipo usiku huanza hasa.

Wanaendesha mambo kwa kitabu cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 aliombwa aongoze mkutano kanisani kwake huko New Bedford, Massachusetts, mkutano ukamshinda, ukawa vurugu tupu. Mwingine angetubu akahama kanisa. Yeye alikwenda kuchunguza jinsi mabunge yanavyoendeshwa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni za vikao. Toleo la mwaka 2020, la kumi na mbili, lina kurasa zaidi ya 700. Watu walipigiana kelele kanisani enzi za Abraham Lincoln, na mimi ndiye ninayelala na njaa.

Kuna usiku walibishana kama maneno "ni lazima" kwenye ukurasa wa tatu wa mwongozo fulani yawe "inashauriwa". Mjumbe akatoa hoja. Mwingine akaunga mkono. Wa tatu akataka kuirekebisha hoja, wa nne akataka kuyarekebisha marekebisho. Kisha mjumbe mmoja mwenye miwani akazungumza kwa hisia, mikono inapaa, kidole kinagonga meza, na hakuna aliyemsikia, alikuwa amezima maikrofoni. Kwa kuwa ni watu wa huruma kwa taaluma, hakuna aliyetaka kumkatisha. Alipomaliza ndipo mwenyekiti akamjulisha kwa upole. Akashukuru, akawasha, akaanza upya tangu "ndugu wajumbe". Bajeti ya mwaka, yenye fedha za wanachama nchi nzima, ilikuwa imepita muda mfupi kabla ya hapo bila hata mtu kukohoa.

Na msidhani bodi moja ilitosha. Fani hii iliwahi kuwa na vyama viwili vya kitaifa kwa wakati mmoja. Cha kwanza kiliundwa mwaka 1966 chini ya mwavuli wa chama cha watu wa bustani na burudani. Mwaka 1984 kundi lililoona mambo ya wodini hayaendeshwi na watu wa bustani likaanzisha chake. Vikaenda sambamba hadi kile cha kwanza kilipovunjwa mwaka 2010. Zaidi ya miaka ishirini ya wenyeviti wawili, makatibu wawili, na akina baba wa nyumbani wa pande zote mbili wakipasha wali moto gizani.

Nikiwa na haki, na huwa nayo nikishashiba, nitakiri kuna jambo moja ambalo hata mimi naliona lina maana. Medicare, bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, ina utaratibu kwamba mgonjwa aliyelazwa kituo cha urekebishaji kwa kawaida apate tiba ya angalau saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki. Mazoezi ya viungo yanahesabiwa. Tiba ya kazi inahesabiwa. Tiba ya kuongea inahesabiwa. Kuanzia mwaka 2010 tiba yao ya burudani ikawekwa nje ya hesabu, na unajua hospitali zilivyo: kisichohesabiwa hakina mshahara wa kuaminika. Muswada wa kurekebisha hilo umefikishwa kwenye Congress zaidi ya mara moja. Kwa hiyo wajumbe hufunga safari kwenda Washington. Wanavaa viatu vinavyobana, wanangoja kwenye korido ndefu, kisha wanampata, si mbunge, bali kijana wa ofisini kwake, ambaye anatikisa kichwa kwa adabu na kuandika kitu kwenye daftari. Mama Nuru anaamini aliandika jambo la maana. Nami namwombea kijana yule.

Siku hizo za Washington, pamoja na za mkutano mkuu wa mwaka, hukatwa kwenye likizo yake. Tulikuwa tumepanga twende Tanga, tiketi tumeshaanza kuzichungulia, mkutano ukaangukia wiki ileile. Kaka wa Korogwe aliposikia alikasirika kwa niaba yetu: "Basi hiyo bodi iwakatie tiketi!" Bado yumo kwenye bahasha yake.

Wanachama nao. Mwanachama aliyelipa ada ana haki zake, silikatai hilo. Lakini yupo anayemwandikia mke wangu barua pepe usiku wa manane kwamba begi la mkutano mwaka huu ni la rangi isiyofaa, na yupo anayelalamika kuwa ukumbi una baridi, kana kwamba Mama Nuru anabeba kiyoyozi kwenye mkoba. Mtu huyohuyo ukimwambia kamati ya mkutano ina nafasi, ghafla anauguliwa. Marekani ina sheria ya mwaka 1997 inayomkinga mtu wa kujitolea asibebeshwe fidia kwa makosa ya kawaida anapotumikia chama. Barua pepe za usiku haizuii. Wala haimkingi na mume.

Sasa wameanza kumnong'oneza agombee urais wa chama. Vyama vingi vya hapa vina mtego wake kwenye cheo hicho. Mwaka wa kwanza unaitwa rais mteule, unajifunza. Mwaka wa pili ndiwe rais, unatukanwa. Mwaka wa tatu ni rais aliyetangulia, na unabaki kwenye bodi kumshauri aliyekurithi, ambaye hakutaka ushauri. Ukisema "nakubali" mara moja tu, miaka mitatu imekwenda. Nilimuuliza Mama Nuru msimamo wake. Akasema analitafakari. Nikamkumbusha kazi yake ni kuwafundisha watu kupumzika. "Baba Nuru," akanijibu bila kuinua macho kwenye skrini, "wewe unapumzika kwa ajili ya nyumba nzima."

Nilimpigia kaka simu kumweleza jambo hili, nikitarajia huruma. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama rais naye hulipwa sifuri. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ana dereva. Nikasema anaendesha mwenyewe. Akasema basi asigombee, cheo cha namna hiyo kinaleta madeni tu. Ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana tangu suala hili lianze.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaosoma, hasa mlio na binamu, wifi au mtoto wa jirani Marekani mwenye cheti cha tiba hii na kadi ya uanachama iliyolipiwa: mwambieni agombee. Mnyamavu, mkali au mpenda kanuni, wote wanahitajika. Nafasi ya urais iko wazi, na ya mweka hazina haina mgombea kabisa. Afanye haraka, kabla mke wangu hajamaliza kutafakari.