Tarakimu Sita kutoka Tanga

Jumamosi moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwandishi wa makala haya alifungiwa nje ya akaunti yake na mama yake mzazi. Mama hakukusudia. Alikuwa Tanga, barazani, simu mkononi, akisoma namba kwa sauti ya mwalimu mkuu anayetangaza matokeo ya mtihani. Alisoma mara tano. Mara tano soko la sarafu za kidijitali likajibu kwa maandishi mekundu kwamba namba si sahihi, na baada ya ile ya tano likatoa hukumu: kwa usalama wa mteja, akaunti imefungwa kwa saa 24. Mteja mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, amevaa msuli, chai imepoa, akilindwa dhidi ya nafsi yake.

Ndani ya akaunti hiyo hamna hata laki mbili.

Kisa kilianza na simu mpya. Kama ilivyo desturi ya nchi, simu mpya ilibaki kwa mtoto na ya zamani ikapanda basi kwenda kwa mzazi. Mwandishi alihamisha kila kitu: picha, majina, hata sauti za kamati ya harusi iliyovunjika kwa ugomvi mwaka 2019. Simu hakuifuta, kwa kuwa mama alitaka picha za wajukuu zibaki humo humo. Kitu kimoja tu hakikuhama: programu ndogo, kimya, isiyoomba chochote, ambayo kazi yake ni kutoa tarakimu sita mpya kila baada ya sekunde 30. Bila hizo, nenosiri linafungua geti tu. Mlango una kufuli lake.

Basi akampigia mama. Namba huishi sekunde 30. Salamu za Tanga haziishi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo? Mkeo? Watoto? Mbona sauti kama ya mtu hajalala?”

“Sote wazima, mama. Naomba unisomee zile namba sita.”

“Kwanza umekunywa chai?”

Jaribio la kwanza lilifia hapo. La pili lilifia kwenye miwani, iliyokuwa juu ya friji. Kufikia la tatu kikosi kilikuwa kimeshapata mafunzo: mama anasubiri kile kiduara cha pembeni kijae upya, anasema “imegeuka”, kisha anatamka tarakimu moja moja bila kuweka neno katikati. Jaribio la tano lilikuwa kazi safi. Sekunde 11 tangu “imegeuka” mpaka kubonyeza. Jibu likawa lile lile, jekundu.

Sasa hapa ndipo penye ajabu, na mwandishi anaomba avumiliwe, maana alikuwa na saa 24 za kulifikiria. Namba hizo hazitumwi na mtu. Simu inaweza kuwa haina laini, haina bando, iko chini ya kisima, na bado ikatoa namba ile ile ambayo soko linaisubiri. Siku ya kwanza mteja anapojiunga, soko linabuni siri na kuificha katika kile kisanduku cha vidoti vyeusi na vyeupe, uvumbuzi wa kampuni ya Denso Wave ya Japani wa mwaka 1994, uliokusudiwa kufuatilia vipuri vya magari. Simu inakipiga picha, inaitunza siri. Tangu hapo wawili hao hawaulizani tena jambo. Kila mmoja kwake anahesabu sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, anazigawa kwa 30, jibu analitwanga pamoja na siri katika kinu kimoja cha hesabu, na katika unga unaotoka anachota tarakimu sita. Kanuni hiyo iko hadharani tangu mwaka 2011, yeyote anaweza kuisoma. Mvuvi wa Tanga na mvuvi wa Pemba hawapigiani simu kuulizana bamvua ni lini. Kila mmoja anahesabu mwezi, na wote wanakuta maji yamejaa.

Wenye mita za umeme za LUKU wasidhani mambo haya ni ya matajiri wa sarafu. Zile tarakimu 20 za umeme nazo zina saa ndani yake: kila tokeni ilibeba hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo mita zilidai tarakimu za ziada, watu wakaziingiza kwa tochi ya simu huku wakilaani, bila kujua wanairekebishia mita kalenda.

Kwa hiyo siri ikiwa ni moja na kinu ni kimoja, kinachoweza kuharibika ni kitu kimoja tu. Mwandishi alipopiga tena, safari hii bila haraka, aliuliza swali ambalo mwana wa Tanga hakuwahi kudhani atamuuliza mamake.

“Mama, hiyo simu inasema saa ngapi?”

“Saa tatu na nusu, mwanangu. Kwani huko ni saa ngapi?”

Na huko pia ilikuwa saa tatu na nusu. Ila simu yoyote iliyotoka dukani, wakati huo huandika 9:30. Simu ya mama iliandika 3:30. Ilibainika kwamba wiki ya kwanza tu mama alilalamika kuwa kifaa kimeharibika, kinasema saa tisa na watu ndio kwanza wanafagia, na mjukuu wake wa darasa la sita akakitengeneza: alizima saa ya mtandao, akairudisha nyuma kwa saa sita, akapewa mia tano ya ubuyu. Kanuni humvumilia mchelewaji kwa hatua moja, yaani sekunde 30. Mama alikuwa nyuma kwa hatua 720. Kila alichosoma kilikuwa sahihi kabisa, kwa saa tisa na ushei usiku uliopita.

Afadhali mtoto angeipeleka mbele. Simu iliyotangulia kwa saa sita ingetoa namba za alasiri, mwandishi angezinakili asubuhi, akangoja kama anayengoja futari.

“Mama, mwambie airudishe saa kama ilivyokuwa.”

“Iwe inasema uongo tena?”

Akiwa bado amefungiwa, mwandishi aliandikia huduma kwa wateja, na hapo ucheshi ulimwisha. Walitaka picha ameshika kitambulisho na karatasi yenye tarehe. Sawa. Walitaka pia bili ya umeme au maji ya miezi mitatu ya karibuni, yenye jina lake na mtaa wake. Mwandishi ni mpangaji. Umeme anaulipia kabla hajautumia, kwa mita yenye jina la marehemu baba wa mwenye nyumba. Maji yamo ndani ya kodi. Na anwani anayowapa madereva wa bodaboda ni geti la bluu, la tatu kutoka msikitini. Ana namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20. Ametoa alama za vidole ili kusajili laini. Nchi nzima inamjua kwa dole gumba lake, lakini kwa soko hilo mtu asiyedaiwa na shirika la umeme hana makazi. Siku ya kujiunga na kuweka fedha hawakuuliza bili. Bili iliulizwa fedha zilipotaka kutoka, na aliyejibu kila ujumbe, kwa upole usiochoka, alikuwa roboti.

Zipo faraja. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta anayeishi Marekani, alisahau nenosiri la kifaa chenye bitcoin 7,002. Kifaa hicho kinaruhusu kukosea mara kumi tu, na dunia ilipopata habari zake mwaka 2021 alikuwa ameshakosea mara nane. Kubwa kuliko hiyo ni ya Januari 2024. Akaunti ya X ya SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, iliingiliwa na mtu aliyehamisha laini ya simu kwa ulaghai, naye akatangaza uidhinishaji wa mifuko ya uwekezaji ya bitcoin ambao ulikuwa bado haujatolewa. SEC ilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili hapo awali. Julai 2023 wafanyakazi wake wenyewe waliomba uzimwe, kwa sababu walikuwa wanapata shida kuingia. Mwandishi alipolisoma hilo alitamani kuwapa namba ya mama.

Nakala ya akiba, kwa watakaouliza, ilikuwepo. Ile siri huweza pia kuandikwa kwa herufi, na waliobuni mpangilio huo waliacha sifuri na moja ili mtu asizichanganye na O na I. Mwandishi aliinakili kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi ya daftari.

Karatasi ilifungiwa karanga.

Jumapili, kifungo kilipoisha, alipata njia ya kutomwambia mama uongo. Ndani ya simu kuna saa mbili. Moja huhesabu sekunde tangu 1970, na ndiyo inayoingia kinuni. Nyingine ni ile ya kioo, ya kuonyesha watu, nayo hufuata mji uliochaguliwa. Mjukuu aliitwa, akawasha saa ya mtandao, kisha kwenye orodha ya miji akatafuta ulio nyuma ya Tanga kwa saa sita kamili. Akachagua Buenos Aires. Saa ya kioo ikasema 3:25, mama akaridhika, namba zikasomwa, mlango ukafunguka kwa jaribio la kwanza. Mwandishi akahamishia siri kwenye simu yake mpya, kisha akaiacha na ya Tanga pale pale, kama akiba.

Alhamisi jioni, magharibi imeshaswaliwa, mama alipiga.

“Mwanangu, hii simu yako bado ina kasoro. Huu ni usiku wa Ijumaa, yenyewe inasema Alhamisi.”

Alikuwa na haki. Kwa Waswahili siku mpya huingia na giza, na usiku hutangulia mchana wake. Buenos Aires wangebaki Alhamisi mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mwandishi alishika kalamu, akahesabu kwenda upande wa pili. Mbele kwa saa sita: saa moja ya usiku Tanga huandikwa 1:00, na tarehe hugeuka saa kumi na mbili jioni, jua likizama. Mji wenye saa hizo ni Tokyo.

Mjukuu akaitwa tena, akalipwa ubuyu tena. Tangu hapo saa ya simu ya mama haijakosea hata siku moja, na namba zinakubali. Ila sasa mama hazisomi kabla hajaambiwa mkwe amepika nini.