Usaili Chini ya Boneti

(Gereji ya Unga Limited, Arusha. Land Rover Series II ya 1960, ya petroli, imefunuliwa boneti. Koili yake ya zamani imelala sakafuni, inavuja mafuta. Fundi na mwenye gari wamekwenda kunywa chai. Juu ya mtambo wa injini zimeachwa koili mbili: moja nyekundu, ndani ya boksi linalong'aa, nyingine nyeusi, imefungwa kwenye gazeti.)

MZEE BETRI: Kabla ya kuajiri, tujue marehemu kafa kwa nini.

MITA: Nimempima, mzee. Ndani yake kuna nyaya za safu mbili. Ile nene, ya mizunguko michache, ina omu 3, nzima kabisa. Ile nyembamba, ya maelfu ya mizunguko, haina mawasiliano. Imekatika.

PLATINI: Basi safari hii kafa kweli. Maana humu gerejini koili nyingi zimetupwa zikiwa hai, kwa makosa ya Kondensa.

KONDENSA: Sina la kusema bila wakili wangu.

MZEE BETRI: Wa kwanza aingie.

KOILI NYEKUNDU: Shikamooni wazee. Naitwa Supa Spoti. Volti 40,000.

MZEE BETRI: Marahaba. Nimekuuliza volti?

KOILI NYEKUNDU: Hujaniuliza, ila zimeandikwa kwenye boksi, pande zote nne.

DISTRIBUTA: Mwanangu, hizo volti hupanda mpaka cheche iruke kwenye plagi, na ikisharuka hazipandi tena. Kwa mwanya wa plagi zetu, cheche inaruka kwenye 10,000 hivi. Hizo nyingine utazipeleka wapi?

KOILI NYEKUNDU: Za heshima.

MZEE BETRI: Mita, mpime.

KOILI NYEKUNDU: Kunipima mimi? Mwenye gari mwenyewe ndiye aliyenichagua! Kaangalia rangi, kaangalia bei, akasema "huyu".

MITA: Omu 1.5.

PLATINI: Uwi! Jamani nihesabieni.

MITA: Volti 12 gawa kwa 3 ni ampea 4, ndizo ulizokuwa ukifungua na kufunga na marehemu. Volti 12 gawa kwa 1.5 ni ampea 8.

PLATINI: Nane! Mimi nina vidomo viwili vidogo kama kichwa cha msumari. Wiki haiishi nimeungua, halafu mtasema mimi ndiye mbovu.

KOILI NYEKUNDU: Msiwe na haraka. Mimi kikazi huwa natembea na msaidizi, Rezista. Naye ana omu 1.5, tukipangwa pamoja tunakuwa 3.

MZEE BETRI: Yuko wapi?

KOILI NYEKUNDU: Kabaki dukani. Anauzwa peke yake.

DISTRIBUTA: Sasa mtu mzima akuajiri wewe ili aje aajiri tena na wa kukupunguza?

KOILI NYEKUNDU: Kuna sababu, mzee wangu. Stata ikizungusha injini, Mzee Betri hushuka hata kufikia volti 9.

MZEE BETRI: Umri.

KOILI NYEKUNDU: Hapo kwenye magari ya kwetu kuna waya unaotoka kwenye stata, unamruka Rezista, mimi napata umeme wote na cheche inatoka na nguvu. Injini ikiwaka, Rezista anarudi njiani, Platini anapumzika.

MZEE BETRI: Mpango mzuri, sikatai. Gari hili halina huo waya, halina Rezista, na halijawahi kuwa navyo. Unaomba kazi kwenye ofisi isiyo na kiti chako. Afadhali hata wewe. Kuna binamu zako wa omu 0.7, wao bila kifaa cha elektroniki cha kuwakatia umeme hawakai hata siku moja. Wa pili!

KOILI NYEUSI: Shikamooni.

MITA: Omu 3. Safu nyembamba nzima.

MZEE BETRI: Una la kuongeza?

KOILI NYEUSI: Hapana, mzee.

(Binadamu wanarudi. Mwenye gari anaeleza tena jinsi alivyoyakosa maonyesho ya Land Rover ya Arusha, Oktoba 2024, kwa sababu ya koili. Anaamuru nyekundu ifungwe. Fundi anamtazama, anaikumbuka hela yake, anaifunga. Gari linawaka kwa mshindo. Mwenye gari anapiga picha. Baada ya nusu saa koili haishikiki kwa joto, injini inakohoa, inazima.)

KOILI NYEKUNDU: Nasikia kizunguzungu.

PLATINI: Mimi sisikii kitu. Nimeungua masikio.

(Mwenye gari anasema petroli ya siku hizi ni mbaya. Fundi hajibu. Anasugua platini kwa msasa, anaifungua nyekundu, anafunga nyeusi. Gari linawaka. Mwenye gari anakwenda kuoga.)

DISTRIBUTA: Mbona cheche si nzuri sana? Mnaiona?

KOILI NYEUSI: Sikutaka kulalamika siku ya kwanza ya kazi. Nimevaa viatu kinyume.

MITA: Marehemu alikuwa na herufi, SW na CB. Waya wa swichi hapa, waya wa platini pale, basi. Huyu ana chanya na hasi. Fundi kazoea magari ya siku hizi kama Noah, kachukua waya wa swichi kaupeleka kwenye chanya.

MZEE BETRI: Na mimi kwenye gari hili chanya yangu ndiyo iliyofungwa kwenye bodi! Waingereza wengi walifanya hivyo mpaka miaka ya 1960. Kinachotoka kwenye swichi ni hasi.

PLATINI: Lakini gari limewaka.

DISTRIBUTA: Ndiyo maana hakuna anayegundua. Likianza kuupanda mlima wa Mto wa Mbu na mzigo, ndipo litakapopiga chafya. Ncha ya katikati ya plagi ndiyo yenye joto, na elektroni hutoka kwa urahisi kwenye chuma cha moto. Ukigeuza nyaya, zinalazimika kutoka upande uliopoa. Cheche ni ileile, ila koili anadaiwa volti zaidi.

MZEE BETRI: Nani atamwambia fundi? Sisi tunamsikia yeye, yeye hatusikii sisi.

KALAMU YA RISASI: Mimi nakaa sikioni mwake.

(Kalamu inaanguka miguuni mwa fundi. Anaiokota. Anaitazama. Kama aliyekumbuka jambo la chuoni, anaishika ncha yake kwenye cheche, kati ya waya na plagi.)

KALAMU YA RISASI: Mwako wa rangi ya chungwa ulitakiwa uonekane upande wa plagi. Umeonekana upande wa waya. Nimetoa ushahidi, vaeni miwani.

(Fundi anaguna. Anabadilisha nyaya: ya swichi kwenye hasi, ya platini kwenye chanya. Mwenye gari anarudi, anausikia mlio, anatabasamu. Anabandua karatasi ya VOLTI 40,000 kutoka kwenye koili nyekundu, anaibandika kwenye nyeusi.)

PLATINI: Hongera, umepata shahada.

KOILI NYEUSI: Inanizibia hewa. Kondensa, hebu ipulizie idondoke.

KONDENSA: Wakili wangu hajafika.