Wiki ya Begi la Kulalia

JUMATATU

Barua ya shule imefika ndani ya daftari la Sayansi, na doa la mafuta ya maandazi limekaa juu ya tarehe. Binti yetu, mwenye miaka kumi, ataenda na skauti wenzake kupiga kambi Kitulo likizo ya Juni ikianza. Orodha inataka sahani, kikombe, tochi, masweta na "begi la kulalia linalofaa". Tarehe nimeipata kwa jirani.

Neno "linalofaa" limenikalisha sebuleni hadi usiku. Sisi wa Kyela tuko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi sita hivi, kwa hiyo kati ya kitanda cha mtoto huyu na hema atakalolala kuna pengo la nyuzi kumi na mbili au zaidi. Mwezi wa Juni kule umande huganda juu ya majani. Nyumbani kwetu kila mtu ana shuka moja na chandarua, na wakati wa joto shuka lenyewe huishia miguuni.

Mama watoto amesema tumpe blanketi la mgeni. Tumelitoa kabatini. Panya walishalifikia.

JUMANNE

Nimeanza kwa wakala kutoa hela. Foleni ilikuwa ndefu na mtandao ulikuwa chini. Wakala alituambia tusubiri kidogo, nasi tukasubiri, wanaume kwa wanawake, tukitazama simu yake. Mama mmoja aliyekuja kuweka hela alitusaidia sote: alimpa wakala noti zake, na wakala akatugawia mtandao uliporudi. Saa nne ilikuwa imepita.

Duka la kwanza lina mabegi ya kulalia ya watoto. Yana picha za katuni na zipu ya rangi ya waridi. Nililishika moja kati ya vidole viwili na vidole vikakutana. Kijana wa dukani alinisalimia vizuri, "Mwagonile, tata," kisha akanionyesha lebo: linavumilia hadi sifuri. Nilivaa miwani.

Lebo za namna hii mara nyingi zina namba tatu, na anayenunua ni lazima azijue. Ya kwanza ni baridi ambayo mwanamke mtu mzima hulala nayo kwa raha. Ya pili ni kikomo cha mwanaume mtu mzima aliyejikunja. Ya tatu ni ya kunusurika tu, usiku wa kutetemeka. Lebo hii ilikuwa na hiyo ya tatu peke yake, kwa herufi kubwa. Tena kipimo cha Ulaya ambacho namba hizo hutokana nacho kilitengenezwa kwa watu wazima, na watoto hawamo. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko sisi, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Nilimweleza kijana haya yote. Alisikiliza, akasema bei inapungua.

Hema la mtoto si mahali pa kunusurika. Nimeliacha begi pale pale.

JUMATANO

Mvua. Huku kwetu Mei haina haraka ya kuisha.

Leo ni siku ya kufungua belo la mtumba, na belo lenyewe ni la mablanketi na mapazia. Akina mama walikuwa wameshajipanga kabla sijafika. Mstari ulikaa vizuri mpaka kamba ilipokatwa, kisha ukawa duara. Mwavuli wangu ulibaki nyuma.

Mabegi ya kulalia yalitoka mawili. La kwanza lilikuwa la mtu mzima, la kahawia, zito, la manyoya ya bata. Ni zuri sana, na watu wote waliokuwa karibu walinishauri nilichukue ili mtoto akue nalo. Nimekataa, na nitakataa tena. Begi hufanya kazi kwa kushika hewa ambayo mwili umeipasha joto. Mtoto wa sentimita 132 akiingia kwenye begi la zaidi ya mita mbili, anapasha chumba kizima peke yake, na miguu inabaki ya baridi hadi asubuhi. Begi lake lizidi urefu wake kwa shibiri moja, lisizidi sana hapo. Na manyoya yakilowa hushikana na kuacha kupasha, nasi tunatoka wilaya yenye mvua kwenda mlima wenye ukungu. Kwa mtoto anayesafiri na chupa ya maji isiyofungwa vizuri, poliesta ni salama zaidi, na hukauka.

La pili lilikuwa la bluu, la mtoto, la poliesta, nene. Nililiinua kwenye mwanga wa mlangoni kuona kama sponji imekimbilia upande mmoja. Ilikuwa imetulia. Nililikunja kwa nguvu, nikaliachia, likajaa tena. Nilinusa ndani: sabuni ya watu wa mbali, na stoo. Zipu ilikuwa imekufa kabisa.

Nimelipa elfu kumi na nane. Mwavuli sikuukuta.

ALHAMISI

Fundi ana foleni ya vitenge vya harusi na sare za shule. Kwenye benchi tulikaa watu wanne, na wa tano alisimama akituegemea. Nilipewa zamu, kisha akaja bibi harusi mwenyewe, na zamu ikahamia kwake bila mtu kusema kitu. Ni haki yake.

Katika kusubiri nilisoma kwenye simu kwamba mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza na kuuza begi la kulalia alikuwa mfanyabiashara wa Wales, Pryce Pryce-Jones wa mji wa Newtown. Alilisajili mwaka 1876: blanketi la kujikunjia, lenye mto wa kujaza hewa ndani yake. Jeshi la Urusi liliagiza 60,000 kwa ajili ya vita na Waturuki, kisha likafuta oda kabla mzigo wote haujafika. Mteja wa fundi aliyekaa pembeni yangu aliposikia habari hiyo alisema yeye anasubiri suruali tangu Pasaka.

Nimemwomba fundi kazi mbili. Aweke zipu inayofunguka kutoka ndani na nje, ili mtoto asikwame usiku akitaka kutoka. Na akate ile kamba ndefu ya kofia ya begi, aweke mpira mfupi, kwa sababu kamba na shingo ya mtoto aliyelala havikai pamoja. Amesema kesho.

Jioni kikao cha wazazi kilianza baada ya jua kuzama. Ajenda ya vyoo vya kambi ilichukua muda mwingi. Kisha mzazi mmoja akapendekeza kila hema lipewe jiko la mkaa usiku, ili watoto wasipate baridi, na vichwa vingi vikakubali. Nilinyoosha mkono. Mkaa unaowaka ndani ya hema hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Watu wazima wamekufa hivyo majumbani mwao, milango ikiwa imefungwa kwa ajili ya baridi. Nilisema kama tunaogopa baridi, tununue mabegi na tupunguze watoto wa kwenda, lakini jiko lisiingie. Mwenyekiti alisema hoja imepokelewa. Umeme ukakatika.

IJUMAA

Fundi hakuwepo. Amekwenda kwenye harusi ya vile vitenge.

Saa kumi alirudi, akaifanya kazi vizuri mno, na zipu inakimbia bila kushika kitambaa. Nimelifua begi kwenye beseni kwa sabuni kidogo, bila kulikamua, maana kukamua huvunja sponji. Nimelitandaza barazani. Hewa ya huku ina maji kuliko begi lenyewe.

JUMAMOSI

Begi la baridi haliwezi kujaribiwa Kyela. Mtoto akiingia humo kwetu atatoka baada ya dakika moja akiwa amelowa jasho, na hatutajua lolote. Kwa hiyo tumempeleka Tukuyu kwenye baridi, kwa mama yake mdogo, akalale chini pamoja na binamu zake. Kosta ilisubiri kujaa. Ilipojaa ilisubiri kujaa zaidi. Begi nililibeba kifuani, na abiria wa nyuma yangu akalifanya mto hadi tulipofika.

Tukuyu kulikuwa na manyunyu na baridi ya kweli. Binamu walitaka wote waingie, na zamu zilipangwa kwa umri, kisha kwa kilio. Nimelala kiti cha sebuleni.

Usiku wa manane binti yangu aliniamsha. "Baba, juu kuna joto, chini kuna baridi." Begi halikuwa na kosa. Sakafu ya saruji ilikuwa inamnyonya joto, kwa sababu sponji iliyolaliwa hubanwa, na ikibanwa hewa hutoka. Mkeka mmoja hautoshi. Tuliweka kipande cha godoro chini ya mkeka, tukambadilishia soksi zilizolowa kwa kavu, akalala hadi shemeji alipochemsha uji. Shingo yangu bado haijanyooka.

JUMAPILI

Tumerudi. Muuza magodoro hauzi vipande, anauza godoro. Nimekata godoro letu la zamani kwa kisu cha mkate, upana wa mabega ya mtoto, urefu kutoka kichwani hadi magotini, na kipande kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Begi limeingia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko kwenye kiroba, kwa sababu gari la kupandia Isyonje, kuelekea Kitulo, halina turubai. Siku nyingine zote litatundikwa bila kubanwa, lisije likazoea kuwa dogo.

Wazazi wawili wameshapita kuuliza belo lijalo linafunguliwa lini. Nimewaambia siku, na nimewaambia waje bila mwavuli.

Baada ya ibada nilimsubiri mwalimu wa skauti nje ya kanisa. Alikuwa na watu wengi wa kusalimia na nilikuwa wa mwisho. Nilimpa orodha ya vifaa na kalamu. Ameongeza mistari miwili kwa mkono wake: kila mtoto awe na kitu cha kutandika chini, na jiko la mkaa libaki nje ya hema usiku kucha. Ametia sahihi na tarehe, na safari hii tarehe inasomeka.