Yah: Pongezi kwa Kitabu Kilichoazimwa Kuliko Vyote

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mifumo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya pongezi imenifikia. Nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa nimesimama, mbili zilizobaki nimekaa. Unasema takwimu za mfumo mpya zinaonyesha kwamba katika robo mwaka iliyopita kitabu kilichoazimwa kuliko vyote katika maktaba yetu ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Kwamba hakuna wilaya nyingine inayotukaribia. Na kwamba ofisi yako inaandaa ujumbe, pamoja na mpiga picha, kuja kujifunza tumewezaje kurudisha vijana kwenye fasihi. Kabla gari halijajazwa mafuta, naomba niwaeleze tulivyoweza.

Nakala za *Kusadikika* tunazo mbili. Moja haina jalada.

Nianzie kwenye semina ya mfumo huo mpya. Siku ya kwanza mwezeshaji alituambia kwamba kuanzia sasa vitabu vyetu vyote viko kwenye wingu. Mimi ni mkutubi, sikushangaa. Shaaban Robert alishatusimulia mwaka 1951 habari za nchi inayoelea angani, na jina lake ndilo hilo hilo mnalolipongeza. Nchi hiyo ilituma wajumbe huku na huko wakatafute maarifa, na waliporudi wakatupwa gerezani. Mimi niliporudi kutoka semina sikufungwa, namshukuru Mungu. Nilipewa tu nywila.

Nywila yenyewe ilitakiwa iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama isiyosomeka, nayo hubadilishwa kila baada ya siku thelathini. Nimeiandika kwenye kadi ya katalogi na kuiweka kwenye droo, namba 005.8 ya Dewey, usalama wa data. Anayejua kuitafuta pale anastahili kuingia.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa. Sipingi kompyuta. Nimeanza kazi hii na mhuri wa tarehe na kidau cha wino, na leo kipanya kinanitii kuliko watoto wangu. Nimejifunza kuingia kwenye katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani huku chai yangu ikipoa mezani, bila kuomba kibali cha mtu. Mwanafunzi akija na jina la kitabu nusu, nusu nyingine naimalizia mtandaoni kabla hajakuna kichwa. Kifaa hakina kosa. Shida yangu ni fomu yenu.

Ile fomu ya kuingiza kitabu ina nyota nyekundu kwenye kila kisanduku ambacho hakiruhusiwi kubaki wazi. Kisanduku kimoja kinataka jina la ukoo la mwandishi. Shaaban ni yeye, Robert ni baba yake, lakini fomu ikamgeuza, na sasa mtoto anayemtafuta kwenye S anaambiwa hayupo. Hilo nilivumilia.

Kisanduku cha pili kinataka ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Namba hiyo, kwa faida ya wajumbe watakaokuja na mpiga picha, ilianza kama mpango wa Waingereza mwaka 1967, na ikawa kanuni ya kimataifa mwaka 1970. Kitabu kilichochapwa mwaka 1951 hakina na hakiwezi kuwa nayo, kama vile bibi yangu asivyokuwa na cheti cha kuzaliwa. Na bado alizaliwa, maana mimi nipo. Rafu zetu za nyuma zimejaa vitabu vya namna hiyo: vijitabu vya kilimo vya wakati wa Tanganyika, hadithi, mashairi, mwongozo wa kufuga nyuki wenye picha za kuchora kwa mkono. Kila nilichobofya, fomu iliwaka nyekundu: kitabu hiki hakitambuliki. Nikakishika mkononi. Kilikuwa na uzito.

Nilipiga simu ofisini kwako. Kijana mmoja, mwenye adabu sana, alinijibu, "Mama, kama hakina ISBN, mfumo unakihesabu kuwa siyo kitabu." Nikamuuliza ni nini basi. Akaahidi kunirudia.

Nikiwa bado namsubiri, akaja mwanafunzi wa kidato cha nne anayenisaidia jioni. "Shikamoo, mama." Marahaba. Akaangalia skrini, akacheka, akasema, "Weka sifuri tupu, mama. Itakubali." Nikaweka sifuri kumi. Ikakubali! Akanieleza kwa nini, kwenye kipande cha karatasi. Kwenye ISBN ya tarakimu kumi, ya kwanza huzidishwa kwa 10, ya pili kwa 9, na kuendelea hivyo mpaka ya mwisho. Jumla yake ikigawanyika kwa 11 bila kubaki kitu, namba ni halali. Sifuri kumi zinaleta sifuri, na sifuri inagawanyika. Huyo mtoto, nawajulisha, somo la hesabu ana D.

Kitabu cha kwanza kuingia kwa sifuri kumi kilikuwa *Kusadikika*. Cha pili kilikuwa kijitabu cha muhogo. Mfumo ukaona namba ni ile ile, na kwa akili yake ukaamua kuwa ni nakala nyingine ya *Kusadikika*. Mwongozo wa nyuki nao ukaingia hivyo hivyo. Kufikia mwisho wa mwezi rafu nzima ya nyuma ilikuwa *Kusadikika*. Nilikuandikia kuhusu jambo hilo. Jibu lilikuja papo hapo, likinishukuru kwa maoni yangu, kutoka anwani isiyopokea majibu.

Usidhani halina madhara. Kuna mzee mmoja mkulima, msomaji wetu wa siku nyingi, aliazima kile cha muhogo. Baada ya wiki mbili mfumo wako ukamtumia ujumbe wa simu saa tano za usiku: "Ndugu, muda umepita. Rudisha Kusadikika." Simu ilikuwa karibu na mkewe. Asubuhi mzee alifika kabla sijafungua mlango, kofia mkononi.

"Mwanangu," akasema, "naomba barua yenye mhuri. Mama watoto anauliza Kusadikika ni nani, na amrudishe wapi."

Nikamwandikia barua, nikagonga mhuri. Ndiyo kazi kubwa ambayo mhuri huo umefanya mwaka huu.

Kwa kuwa nina intaneti, na nimefundishwa kuitumia, nikaanza kuuliza wenzetu wanafanyaje. Katalogi ya Wamarekani hao inaorodhesha vitabu vya kale bila hiyo namba, na jengo lao bado limesimama. Nikasoma pia habari za maktaba ya wilaya moja huko New Zealand, Horowhenua. Mwaka 1999 waliogopa mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000. Wakaketi na mafundi, wakatengeneza wao wenyewe, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakauachia ulimwengu mzima bure. Unaitwa Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Nilipokutana tena na mwezeshaji wa semina nilimuuliza kwa nini hatukuchukua huo. Akatabasamu, akaniambia cha bure nacho kina gharama zake. Nakubaliana naye. Chetu cha gharama nacho kina gharama zake.

Sasa mmeniletea pongezi, nami nipo njia panda. Nikisafisha kumbukumbu, *Kusadikika* kitashuka kutoka mamia hadi mara nne, na mmoja wa waazimaji hao wanne ni mimi, kwa ajili ya barua hii. Mtauliza kwa nini usomaji wa fasihi wilayani umeporomoka, mtatuma ujumbe mwingine, na huo hautakuja na mpiga picha. Nisiposafisha, mzee wa muhogo atahitaji barua kila mwezi.

Ombi langu ni dogo. Ondoeni ile nyota nyekundu kwenye kisanduku cha ISBN. Mwanafunzi wangu anasema ni kazi ya dakika tano, na yuko tayari kuwaelekeza, isipokuwa siku za mtihani.

Naomba kuwasilisha.

Mkutubi wa Wilaya

Nakala: Jalada

Nyongeza: Katika barua hiyo hiyo umeulizia utekelezaji wa agizo la kuteketeza makabati ya kadi za katalogi. Nakuthibitishia kwamba kwenye mfumo yameshateketezwa.