Kubandua Stika ya Gari

Stika ya vinaili inayofunika gari huingia kwa sherehe na kutoka kwa ugomvi. Siku ya kubandikwa watu hupiga picha na mwenye gari huzunguka mtaa mzima akipiga honi. Siku ya kubanduliwa hubaki yeye na kucha zake, pamoja na majirani wenye ushauri mwingi.

Vinaili ni plastiki iliyochanganywa na vilainishi ili iweze kufuata mapindo ya bodi. Jua huvimaliza vilainishi hivyo kidogo kidogo. Baada ya miaka kadhaa ya jua la Dar es Salaam, stika, hasa ya kwenye boneti na paa, hukauka, hukatika vipande vya ukubwa wa ukucha na kuiacha gundi nyuma. Zinazosumbua kuliko zote ni za kampeni, kwa kuwa hununuliwa za bei rahisi. Mgombea aliyeanguka hubanduka kipaji cha uso kwanza; tabasamu lake huweza kung'ang'ania mlango hadi uchaguzi unaofuata.

Dawa yake ni joto. Gereji hutumia mashine ya hewa ya moto. Nyumbani hutumika ya kukaushia nywele, ambayo kwa kawaida huazimwa chumbani bila mwenyewe kuelezwa inakokwenda. Bodi hupashwa hadi kiganja kishindwe kutulia juu yake, na mashine haitulizwi mahali pamoja. Kona ikinyanyuka, stika hurudishwa nyuma polepole, ikiwa imelala karibu na bodi. Anayeivuta kwenda juu kama anayeng'oa muhogo huondoka na kipande cha stika, wakati mwingine na rangi chini yake. Wembe na bisibisi havina kazi hapa. Kadi ya benki iliyokwisha muda yatosha kukwangulia, na huenda ikawa mara yake ya kwanza kumtolea mwenyewe kitu.

Gundi inayobaki hulainishwa kwa spiriti na kitambaa laini. Thina huiondoa upesi zaidi, lakini rangi ya gereji huweza kufuatana nayo. Majirani hupendekeza petroli. Petroli karibu na mashine ya hewa ya moto huondoa stika, gundi, gari na mshauri.

Jambo zito, hata hivyo, ni rangi yenyewe. Ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la zaidi ya nyuzi 100, nayo hushika bati sawasawa. Iliyopigwa uchochoroni juu ya puti hutoka na stika. Hapo ndipo kiapo cha muuzaji kwamba gari halijawahi kuguswa hufikia mwisho: hujitokeza puti, chini yake rangi ya pili, na pengine ya tatu ambayo haimo kwenye kadi ya gari. Kwa hiyo hujaribiwa kwanza kona iliyojificha, chini ya mlango. Rangi ikija na stika, kazi husimamishwa hapo hapo.

Hata stika ikitoka salama, rangi iliyofunikwa huwa haijapauka kama ya pembeni, na maandishi ya zamani husomeka bila stika. Kung'arisha kwa polishi hupunguza tofauti hiyo, mara nyingi bila kuimaliza. Wenye daladala hawahangaiki: hubandika stika nyingine, kubwa zaidi.